Ugali, kamba ya katani na mfuko wa rambo

Chukua tonge la ugali, bila mboga. Litafune, usilimeze. Endelea mpaka wenzako mezani waanze kukuangalia. Baada ya muda utaonja utamu ambao haukuwepo tonge lilipoingia kinywani. Hakuna aliyetia sukari. Ilikuwemo tangu mwanzo, imefungwa, na mate yako ndiyo yaliyoifungua.

Sasa fanya vivyo hivyo na kipande cha kamba ya katani. Utatafuna hadi jioni na utamu hutauonja, ingawa kamba hiyo nayo imejengwa kwa sukari, tena sukari ile ile ya ugali: glukosi.

Mtu akiniuliza wanaosomea shahada ya uzamivu katika "kampaundi zenye molekuli kubwa" wanasoma nini hasa, huanzia kwenye tonge hilo na kamba hiyo. Jina lenyewe linatisha, lakini si langu. Urusi limo katika orodha rasmi ya fani za uzamivu, na Chuo Kikuu cha Moscow kina idara ya jina hilo tangu 1955. Kwingineko watu hufupisha wakasema polima.

Polima ni shanga zilizotungwa. Kila ushanga ni molekuli ndogo, na uzi mzima, hata ukiwa na shanga laki moja, unahesabiwa kuwa molekuli moja. Ukubwa wake tunauita uzito wa molekuli, na hupimwa kwa kulinganisha na atomu ya hidrojeni, ambayo ni kama 1. Maji ni 18. Glukosi ni 180. Himoglobini, protini inayoupa damu wekundu, ni kama 64,500. Polithini, jamii ya plastiki ya mifuko, ile inayotumika kwenye nyonga bandia huzidi milioni 3. DNA iliyomo katika kromosomu namba moja ya binadamu ni uzi mmoja wenye jozi za herufi karibu milioni 249, na ungeunyoosha ungepata sentimita nane hivi, kutoka kwenye seli usiyoweza kuiona kwa macho.

Turudi kwenye ugali. Katika wanga, shanga za glukosi zimeunganishwa kwa kiungo kinachoufanya uzi ujisokote kama springi. Kimeng'enya cha mate, amilesi, kina umbo linalokikumbatia kiungo hicho na kukikata. Katika selulosi, ambayo ndiyo katani na pamba, kiungo kimegeuzwa: kila ushanga umepinduliwa ukilinganishwa na jirani yake. Ni badiliko dogo mno, lakini linaunyoosha uzi. Nyuzi zilizonyooka hulala ubavu kwa ubavu, hushikana, na zikawa kitu cha kufungia mbuzi. Amilesi haina pa kushika. Ng'ombe naye, pamoja na sifa zake zote, hana mkasi wake wa selulosi: anafuga bakteria tumboni wamkatie. Mchwa wa vichuguu vyetu vikubwa wamepata njia ya ajabu zaidi. Wanalima kuvu ndani ya kichuguu, wanawalisha vipande vya mimea, kisha wanakula kilichokwisha kulainishwa.

Basi maswali ya fani nzima ni manne. Ni shanga gani? Zimeshikana kwa kiungo gani? Uzi una urefu gani? Na nani ana mkasi wa kuukata? Biolojia, tiba na mazingira, ambavyo vyuoni huwekwa katika majengo tofauti, vinakutana kwenye swali hilo la mwisho.

Wakubwa wa kemia walikataa kuamini kwamba nyuzi hizo zipo. Hermann Staudinger, Mjerumani, alipoandika mwaka 1920 kwamba mpira na vitu vya aina yake ni molekuli ndefu zilizoungana kwa viungo halisi vya kemia, wengi walimwona amepotoka. Walishikilia kwamba mpira ni lundo la molekuli ndogo zilizogandamana tu, na kwamba ukisafishwa vizuri zitaonekana. Heinrich Wieland, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel, anakumbukwa kwa kumshauri mwenzake aachane na wazo la molekuli kubwa, kwani molekuli ya kikaboni yenye uzito unaozidi 5,000 haipo. Staudinger hakuachana nalo. Nobel yake ilikuja mwaka 1953, akiwa na miaka 72. Wanafunzi wa uzamivu hupenda sana kisa hiki, hasa wale ambao msimamizi wao amekwisha kuwaambia "hilo haliwezekani".

Ubishi haukuishia kwenye maneno, ulimalizwa na vipimo. Uppsala, Sweden, mwanakemia aitwaye The Svedberg alitengeneza mashine ya kuzungusha vimiminika kwa kasi kubwa mno, hata molekuli zenyewe zikaanza kuzama, kubwa mbele na ndogo nyuma. Kwa mashine hiyo, katikati ya miaka ya 1920, alipima himoglobini. Ilikuwa molekuli halisi, yenye ukubwa maalumu, maradufu mara nyingi ya kile Wieland alichosema hakipo.

Na ni Uppsala hiyo hiyo kulikotokea mfano nioupenda kuliko yote wa jinsi utafiti wa aina hii unavyokwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 viwanda vya sukari vya Sweden vilikuwa vikisumbuliwa na ute katika juisi ya viazisukari. Bakteria waliingia kwenye juisi, wakala sukari, na wakaacha kitu chenye kunata. Sampuli zikafika katika maabara ya Arne Tiselius, ambako kijana Björn Ingelman alikuwa akifanya utafiti. Ute ule ulikuwa dekstrani: uzi mrefu wa glukosi, uliofumwa na bakteria kwa kiungo cha namna nyingine tena, si cha ugali wala cha katani. Kwa mwenye kiwanda huo ni uchafu. Ingelman na mwenzake daktari, Anders Grönwall, waliuona kwa jicho lingine.

Ndani ya mishipa yetu maji hayakai kwa hiari. Yanashikiliwa na protini kubwa, hasa albumini yenye uzito wa kama 66,500, ambayo ni pana mno kupenya kuta za mishipa midogo, kwa hiyo inabaki ndani na kuyavuta maji yabaki nayo. Mtu akitokwa na damu nyingi ukamwekea maji ya chumvi peke yake, sehemu kubwa itavuja kwenda kwenye nyama. Na ilikuwa wakati wa vita, damu ya kuongezewa ni haba. Je, dekstrani isingeweza kukaa mahali pa albumini?

Ilivyotoka kwa bakteria, haikuweza. Nyuzi zake zilikuwa na uzito wa mamilioni. Uzi mrefu kiasi hicho huifanya damu kuwa nzito, huzikusanya chembe nyekundu mafungu mafungu, na huuchokoza mwili uone adui. Ukikatwa mfupi mno, figo huuchuja na ukatoka kwenye mkojo upesi. Kati ya shimo hili na lile palikuwa na njia nyembamba ya kupita, na kazi ya Uppsala ilikuwa kuitafuta: kuikata dekstrani kwa asidi na moto, kuongeza ethanoli kidogo kidogo ili nyuzi ndefu zitangulie kuganda na kuanguka chini, kutenga fungu hadi fungu, kupima, kurudia. Walipofika kwenye uzito wa kama 70,000 walikuwa na dawa. Kampuni ya Pharmacia iliichukua, na kabla miaka ya 1940 haijaisha ilikuwa hospitalini. Siku hizi haitumiki sana kama zamani, lakini jina dekstrani 70 bado linabeba namba ile ile ya urefu.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu neno "kama" nililolitia kabla ya 70,000 ndilo linalowakosesha usingizi watu wa fani hii. Molekuli za maji karibu zote ni 18. Polima za maabara haziko hivyo. Katika chupa moja ya dekstrani mna nyuzi fupi, za kati na ndefu, na namba iliyoandikwa nje ni wastani. Basi lenye abiria ambao wastani wa umri wao ni miaka 30 laweza kuwa limejaa vijana wa miaka 30, au mabibi na wajukuu zao. Chupa mbili zenye wastani mmoja zaweza kutofautiana vivyo hivyo, na mgonjwa akadhurika kwa mkia mdogo wa nyuzi ndefu ambao wastani umeuficha. Kwa hiyo ukiona tasnifu ya polima yenye grafu nyingi za vilima, kila kimoja kikionyesha nyuzi za kila urefu ni kiasi gani, usifikiri mwandishi alikosa la kuweka. Upana wa kilima ndio habari yenyewe.

Vilima hivyo hupatikanaje? Kwa dekstrani, tena! Mwaka 1959 Jerker Porath na Per Flodin, wa Uppsala hiyo hiyo, walionyesha kwamba dekstrani ikifungwa uzi kwa uzi huwa punje zenye vitundu, na ukizijaza kwenye bomba la kioo zinatenganisha molekuli kwa ukubwa. Wengi hudhani zinafanya kazi kama chekeche, ndogo kupita na kubwa kubaki. Ni kinyume chake. Fikiria lori na bodaboda vinavyokatiza Kariakoo. Lori haliingii vichochoroni, kwa hiyo linafuata barabara kubwa moja kwa moja na kutoka upande wa pili. Bodaboda anaingia kila uchochoro, anageuza, anatoka, anaingia mwingine. Lori litafika kwanza. Katika bomba lile nyuzi ndefu hutoka mwanzo, fupi huchelewa ndani ya vitundu, na wewe unasubiri mlangoni na kuandika saa. Mbinu hii, ikiwa na punje za aina mbalimbali, ndiyo mkate wa kila siku wa maabara za polima hadi leo.

Tiba imejaa mifano mingine ya urefu. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe, ikiwa na wastani wa 15,000. Shanga tano zenye mpangilio maalumu zinatosha kuamsha protini inayozuia hatua moja ya kuganda. Lakini ili kuizuia pia thrombini, kimeng'enya kinachogandisha damu, uzi lazima uwe na shanga zisizopungua 18, uzifikie protini mbili kwa pamoja. Ukiikata heparini ibaki ya wastani wa 4,500 unapata dawa yenye tabia tofauti: inatabirika zaidi, inachomwa chini ya ngozi mara moja au mbili kwa siku, na kwa kawaida haihitaji kupimwa damu mara kwa mara. Kemia ya shanga ni ile ile. Mkasi tu ndio umepita.

Wakati mwingine daktari anataka uzi ukatike, wakati mwingine hataki kabisa. Uzi wa mshono wa ndani, ule ambao mama aliyejifungua kwa upasuaji haambiwi arudi kutolewa, una viungo vinavyokatwa na maji yenyewe ya mwilini, na aina moja inayotumika sana huisha kabisa kati ya siku 56 na 70. Nyonga bandia inatakiwa ikae miaka na miaka. John Charnley, daktari wa mifupa wa Wrightington huko Uingereza, alianza kwa kuweka kikombe cha Teflon, plastiki ambayo hakuna kitu mwilini kinachoweza kuikata. Haikukatwa kweli, ila ilisagika. Vumbi lake likawasha nyama zilizolizunguka, na wagonjwa wakalazimika kurudi mezani. Mwaka 1962 alihamia kwenye polithini yenye uzito mkubwa sana wa molekuli, ambayo nyuzi zake ni ndefu hivi kwamba zimefumana na hazisagiki kirahisi. Tena alijichoma vumbi la plastiki hizo kwenye paja lake mwenyewe aone mwili utasemaje. Kamati za maadili za siku hizi zingemfukuza. Lakini tulishike hilo la vumbi, tutalihitaji.

Kabla ya kufika huko, twende Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Maji yakitoka kwenye bamvua utawaona kina mama wameinama kati ya vigingi, wanafunga mwani kwenye kamba. Kilimo hicho cha biashara kilianza mwaka 1989, na kinachouzwa, ukivua chumvi na maji, ni polima: karaginani. Hiyo ndiyo inayozuia maziwa ya chokoleti yasitengane na inayoipa dawa ya meno uzito. Wakulima wanajua aina mbili, kotonii na spinosamu, na wanajua vizuri mno kwamba kotonii ina bei nzuri zaidi. Sababu imo kwenye shanga. Katika karaginani ya kotonii kila jozi ya shanga imebeba kundi moja la salfeti, lenye chaji hasi, na nyuzi zake husokotana zikafanya jeli ngumu. Ya spinosamu imebeba mawili, yanasukumana, na jeli yake ni laini. Viwanda vingi vinataka ngumu. Bahati mbaya kotonii haivumilii maji ya kina kifupi yanayozidi kupata joto. Inaugua, inakatika, na Zanzibar imebaki kulima zaidi spinosamu. Watafiti kama Dkt. Flower Msuya wamefanya kazi miaka mingi na wakulima hao kutafuta namna ya kuupeleka mwani kwenye maji ya kina, na kuutengenezea bidhaa hapo hapo, kama sabuni, badala ya kuuza magunia ya mwani mkavu tu.

Karaginani pia ni somo la urefu. Ile ya chakula ina uzito wa kati ya 200,000 na 800,000. Ukiichemsha katika asidi kali mpaka ikawa kati ya 10,000 na 20,000 inageuka kitu kingine, chenye jina lake, poligina, ambacho hakiruhusiwi kwenye chakula: wanyama wa maabara wakipewa hupata vidonda vya utumbo mpana. Umoja wa Ulaya unataka karaginani ya chakula isiwe na zaidi ya asilimia 5 ya nyuzi zilizo chini ya 50,000. Watu wanaposambaziana ujumbe kwamba "karaginani ni sumu" na wengine wakajibu kwamba "ni mwani tu, ni ya asili", pande zote mbili zimesahau kuuliza urefu.

Sasa mfuko wa rambo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kwa nini mfuko huo hauozi kama gunia la katani, wakati zote mbili ni nyuzi ndefu? Kwa sababu uzi wa polithini ni kaboni kwa kaboni kwa kaboni, mwanzo hadi mwisho. Selulosi, protini, hata uzi wa mshono, vina viungo ambamo kuna oksijeni au nitrojeni, na hapo ndipo maji na vimeng'enya hupata pa kuingiza makali. Polithini haina mahali hapo. Bakteria wamekuwa wakifua mikasi tangu zamani mno, lakini uzi huu umeletwa duniani katika karne iliyopita tu.

Kuna aliyelipima jambo hilo kwa subira ya ajabu. Ann-Christine Albertsson, mtafiti wa KTH, chuo kikuu cha teknolojia huko Stockholm, alishughulikia katika miaka ya 1970, kwa tasnifu yake ya uzamivu, polithini iliyotiwa kaboni 14, yaani kaboni yenye mnururisho. Hoja ni rahisi: bakteria wakila plastiki watatoa hewa ya kaboni, na kama hewa hiyo ina mnururisho, basi imetoka kwenye plastiki na si kwenye udongo. Vipimo viliendelea miaka kumi. Kilichogeuka hewa hakikufika hata asilimia 1.

Utasema: lakini mimi nimeuona mfuko uliosahaulika juani ukipukutika ukiushika. Kweli. Jua na oksijeni huikata polithini, ila hukata ovyo, na kinachobaki ni vipande, kisha punje, kisha vumbi. Mfuko umepotea machoni, uzi bado upo. Ni vumbi la Charnley tena, safari hii likiwa baharini na kwenye udongo wa shamba. Kwa hiyo mimi huwa na mashaka na kila mfuko ulioandikwa "unaoza". Polilaktiki, plastiki ya mahindi na miwa, ina viungo vinavyokatika, ni kweli, lakini inahitaji joto la kama nyuzi 60 za Selsiasi la mtambo wa mboji. Ukiitupa ufukweni haina haraka.

Chupa za maji zina unafuu. Plastiki yake, PET, ina oksijeni kwenye viungo. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walitangaza bakteria, Ideonella sakaiensis, waliyempata katika sampuli za eneo la kuchakata chupa mjini Sakai, mwenye vimeng'enya viwili vya kuikata. Mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa walichukua kimeng'enya kingine, kilichopatikana awali kwenye mboji ya majani, wakakirekebisha kivumilie joto la nyuzi 72 za Selsiasi, ambamo PET hulegea. Kikakata asilimia 90 ya mzigo wake kwa saa kumi.

Na kuna mabuu. Wanasayansi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walitangaza mwaka 2024 kwamba mabuu wa mbawakawa wa jenasi ya Alphitobius wanaweza kula polistirini, ile plastiki nyeupe nyepesi ya kufungia televisheni, na kuivunja kwa kiasi. Magazeti yakaandika kwamba wadudu wanakula plastiki. Swali la mtu wa polima ni jingine: wanakula, au wanatafuna tu? Panya naye hutafuna kebo, na hashibi. Uti wa polistirini ni kaboni kwa kaboni kama wa polithini, kwa hiyo kukiwepo mkasi ni habari kubwa, na kukiwepo meno tu tumeongeza vumbi.

Jibu limo kwenye kinyesi. Mwanafunzi anawalisha mabuu wiki kadhaa, anaokota vijipunje vya kinyesi kimoja kimoja, anayeyusha plastiki iliyomo, anaipitisha kwenye bomba la punje zenye vitundu, na kuangalia saa. Ikitoka wakati ule ule na polistirini ambayo haijaliwa, mabuu wamesaga. Ikichelewa, kuna viungo vilivyokatwa, na sasa lazima atafute ni nani ndani ya utumbo ule mwenye mkasi.